Jina langu lilisafishwa, kesi yangu ikatupwa

Hii stori nimekaa nayo muda, kila nikitaka kuiandika nashikwa na uchungu naweka simu chini. Leo naiandika kwa sababu juma lililopita nimepigiwa simu na kijana mmoja niliyewahi kufanya naye kazi, akaniuliza swali ambalo lau mimi ningeliuliza mwaka 2019 mambo yangu yangekuwa mengine. Ntamfikia huko mbele.

Mimi nilikuwa karani wa stoo kwenye hoteli moja huku Malindi, upande wa Casuarina, hoteli yenyewe siitaji. Miaka tisa. Niliingia kama kibarua wa kubeba makreti wakati wa sizoni, nikaonekana najua kuhesabu, nikapewa daftari, mwisho nikapewa na funguo. Mshahara wangu wa mwisho ulikuwa 24,500 kwa mwezi. Anayeijua Malindi anajua, mwezi wa nne mvua zikiingia na Wataliano wakirudi kwao hoteli zinafunga ama zinapunguza watu, mnaambiwa mwende majumbani mtaitwa. Sasa mwaka huo kabla ya kufunga tukahesabu stoo, pakakosekana katoni za mafuta ya kupikia na mvinyo. Funguo za stoo tulikuwa nazo watu watatu. Tarehe 12 mwezi wa nne, siku ya Ijumaa, nimetoka kuswali tu, menija akaniita akanipa barua ya mistari minne, umeachishwa kazi kuanzia leo kwa sababu ya wizi, na askari wawili wako getini wananingoja.

Sikuitwa kikao. Sikuulizwa kitu. Hakuna aliyeniambia njoo na mwenzako mkae mujieleze. Wakati ule hata sikujua kwamba sheria inataka hivo, nilijua tu kwamba nimepandishwa gari mbele ya wapishi na wale wasichana wa leondri walionijua miaka yote hio, na mmoja wao alikuwa analia.

Nikashtakiwa wizi wa mtumishi, yaani mfanyakazi kumuibia mwajiri wake. Dada yangu akauza bangili yake kunitoa kwa dhamana. Kesi ikaanza kuvutwa, leo shahidi hayuko, kesho faili halionekani, alaf mwaka 2020 mwezi wa tatu korona ikaingia mahakama zikapunguza kazi, ikawa ni kuahirishwa baada ya kuahirishwa. Mwezi wa kumi na moja 2021 ndo hakimu akasema sina kesi ya kujibu, niende zangu. Mamangu alipiga vigelegele pale nje ya korti mpaka askari akaja kumnyamazisha. Nilidhani shida zimekwisha. Nilidhani sasa nimesafika jina, nikienda kuidai hoteli nitakuwa na hukumu mkononi, nani atanikatalia?

Na hapo ndo niliposhindwa kesi, ingawa kesi yenyewe nilikuwa sijaifungua.

Kila mtu niliyemuuliza, na niliwauliza wengi, aliniambia maliza kwanza ile ya polisi ndo uje kwa hii ya kazi. Ilikuwa inaingia akilini, utaidaije hoteli haki na wewe bado unaitwa mwizi? Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, mtu wa heshima sana hapa Barani, akaniambia usiwe na haraka mwanangu, mambo ya mkataba sheria inakupa miaka sita. Na simlaumu Mwalimu, hakusema uongo. Ile sheria ya muda wa madai inasema kweli mkataba ni miaka sita. Asilojua, na nisilojua mimi, ni kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 imeitoa kazi nje ya hio sita. Kifungu cha 90, ambacho kwenye nakala mpya kimekuwa cha 89, kinasema dai la kazi ni miaka mitatu tangu lile jambo litendeke, basi. Na hakuna hakimu wala jaji anayeweza kukuongezea siku, hata akikuonea huruma namna gani.

Hebu hesabu na mimi. Barua niliipata tarehe 12 mwezi wa nne 2019. Miaka mitatu inaishia hapo hapo mwezi wa nne 2022. Mimi nimeachiliwa mwezi wa kumi na moja 2021. Yaani nilikuwa bado nina miezi mitano mikononi! Wallahi hio miezi mitano ndo inayoniamsha usiku mpaka leo. Niliitumia kwa nini? Kwa adabu. Niliandika barua ya upole kwa hoteli, wakajibu tunalishughulikia. Nikangoja. Nikaenda mwenyewe mwezi wa kwanza nikaambiwa mwanasheria wao yuko safarini. Mwezi wa pili tukakaa na menija mpya, mtu mzuri wa maneno, akanipa chai, akaniambia hili jambo litaisha kifamilia tusipelekane kortini. Mwezi wa tatu simu hazishikwi. Alaf Ramadhani ikaingia, mwaka ule iliingia mwanzoni mwa mwezi wa nne, nikamwambia mke wangu wacha tufunge kwanza, baada ya Idi ntatafuta wakili.

Siku ambayo haki yangu ilikufa tulikuwa kwenye kumi la kwanza, nimekaa barazani na tende zangu nangoja adhana ya magharibi. Hakuna kilichonistua. Mtoto alikuwa anacheza na tairi pale njiani.

Wakili nilimpata mwezi wa nane. Akanambia ukweli kwamba muda ni tatizo lakini tutajaribu kusema kwamba siku zianze kuhesabiwa pale ulipoachiliwa na korti si pale ulipopewa barua. Tukafungua kwa hakimu hapa hapa Malindi, kwa sababu mshahara wangu haukupita 80,000 kwa mwezi, na tangu 2018 mahakimu wamepewa uwezo wa kusikiza kesi za kazi za watu wa kiwango hicho. Wakili wa hoteli hata hakujibu mambo ya katoni wala mvinyo. Alileta pingamizi la awali, karatasi mbili tu, kwamba kesi imepitwa na wakati.

Mwezi wa pili 2023 uamuzi ukasomwa. Nilivaa shati jeupe nililopigiwa pasi na mke wangu alfajiri, nimejiandaa kueleza jinsi stoo inavyofungwa na kufunguliwa, na jinsi daftari langu lilivyokuwa safi. Hakimu akasoma kama dakika kumi. Akataja uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa mwaka 2016, wafanyakazi waliofutwa kazi na kushtakiwa pia, wakangoja kesi ya jinai iishe ndo wakadai, na majaji wakasema siku zinaanza kuhesabiwa ile siku ya kufutwa, kesi ya jinai ni njia yake na ya kazi ni njia yake, hakuna inayoingoja nyenzake. Na kuhusu ile chai ya menija akasema mazungumzo hayasimamishi muda. Kesi ikatupwa, kila mtu abebe gharama zake. Sikuulizwa swali hata moja. Hilo ndo lililoniuma kuliko pesa, kwamba kuhusu katoni zenyewe, kuhusu kuitwa mwizi mbele ya watu, hakuna aliyefika huko.

Wakili alinieleza baadaye pale nje kwamba ningefika kwa wakati, kwa sababu sikuitwa kikao kama kifungu cha 41 kinavyotaka, na kwa sababu mwajiri ndo anayetakiwa kuthibitisha sababu ya kufuta, nilikuwa na kesi nzuri. Korti inaweza kukupa mpaka mishahara ya miezi 12. Kwangu mimi hio ni 294,000. Bangili ya dada yangu ingerudi.

Baada ya hapo nilikaa kama miezi miwili sitaki kusikia neno korti. Alaf sijui nini kikanishika, nikaanza kwenda saiba, duka la intaneti, pale barabara ya Lamu kusoma hukumu za kesi za kazi. Ziko kwenye tovuti ya Kenya Law, hulipi kitu, unaandika tu neno unalotafuta. Nilikuwa natafuta walioshindwa. Walioshinda sikuwataka. Na siku nyingine naenda korti kukaa nyuma nisikize, maana korti iko wazi kwa mtu yeyote, wengi wetu hatujui hilo, tunadhani ukiingia pale lazima uwe mshtakiwa.

Nilichokiona ni kwamba wengi wetu hatushindwi kwa sababu ni waongo. Kunao, sikatai, kuna mtu kweli ameiba, ameitwa kikao, amejieleza akiwa na mwenzake, akafutwa, na kesi yake inatupwa kwa haki. Lakini wengi ni watu wenye uchungu wa kweli wanaokuja kortini bila tarehe na bila karatasi.

Lililonigusa sana ni la sizoni, kwa sababu ndo maisha yetu huku. Dada mmoja mhudumu wa mikahawa, nilimsikiza mwenyewe. Anasema nilifutwa kazi. Hoteli inasema hatukumfuta, sizoni iliisha, tukamuita hakurudi. Yeye anasema sikuitwa, nilikwenda nikafukuzwa getini. Wakili akamuuliza tarehe ngapi? Hajui, anasema ilikuwa baada ya mvua. Nani alikuzuia? Soja. Soja gani? Hajui jina. Una ujumbe wowote? Hana, alikuwa amebadilisha simu. Sheria inasema mfanyakazi ndo anayeanza kuonyesha kwamba kweli ametolewa kazini, hapo ndo mwajiri naye atakiwe aeleze kwa nini. Yule dada hakuvuka hata mlango wa kwanza. Na mimi nilimuamini, namuamini mpaka leo, alivyokuwa anaeleza ule mkoba wake alioshika mbele ya geti mtu hawezi kubuni.

Kwa hivo nawaambia wenzangu wa hoteli, ukiambiwa kwa mdomo usirudi, siku hio hio, usingoje hasira ziishe, mwandikie menija ujumbe kwa wasapu ama barua pepe kwa maneno ya heshima: leo tarehe fulani nimekuja kazini saa fulani nimezuiwa na fulani, naomba nijulishwe kama nimeachishwa. Akijibu una jibu, asipojibu una tarehe. Na ile simu usiiuze wala usiibadilishe ovyo, kwa sababu skrinishoti ukiiprinti korti inataka pia cheti cha maelezo, imetoka simu gani na nani aliitoa. Wakili atakutengenezea, lakini simu lazima iwepo.

Tena usitegemee sana mwenzako aliye bado kazini aje kukutolea ushahidi. Mimi rafiki yangu wa jikoni, tumekula sahani moja miaka saba, aliniambia ndugu yangu nina watoto watatu shule. Nilikasirika wakati ule, saizi sikasiriki. Ndo maana karatasi ni muhimu, karatasi haina watoto wa kusomesha. Kopi ya barua ya ajira, peislipu, rosta za dyuti unazipiga picha kila wiki, steitimenti ya M-Pesa kama mshahara unaingia kwa simu, na ile ya NSSF. Hata kama hukupewa mkataba wa maandishi usikate tamaa, kuandika mkataba ni jukumu la mwajiri na asipouleta kortini yeye ndo anabeba mzigo wa kupinga masharti unayoyadai, ila lazima uonyeshe kwanza kwamba ulikuwa unafanya kazi pale.

Kuna na kesi ya watu wa chumvi, huku kwetu kaskazini ya Malindi, Gongoni na Marereni, kila mtu ana ndugu aliyewahi kuvuna chumvi. Wafanyakazi zaidi ya sitini walidai kwamba wamefanya kazi miaka kwa hivo si vibarua tena, sheria iwahesabu kama wafanyakazi wa kudumu. Na ni kweli kifungu cha 37 kinamsaidia kibarua wa kulipwa kwa siku aliyefanya mfululizo mwezi ama zaidi. Lakini mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema hawa walikuwa wakilipwa kwa kiasi cha kazi waliyofanya, si kwa siku, na kifungu hicho ni cha vibarua. Wakashindwa. Niliposoma ile hukumu nilifunga macho nikamfikiria ami yangu, jua la kule na miguu inavyopasuka kwa maji ya chumvi, na kumbe neno moja tu la jinsi unavyolipwa linaweza kukuweka nje. Muulize anayekulipa leo, wakati bado munaongea vizuri, mimi nahesabiwa vipi, na uandike anavyosema.

La kutia saini nalo. Ukitolewa unaitwa ofisini, pesa iko mezani, na karatasi imeandikwa nimelipwa haki zangu zote sina dai lolote tena. Mtu ana njaa, anatia saini, mwaka wa pili anakwenda kortini. Mahakama ya Rufaa mwaka 2018 ilishasema makubaliano ambayo mfanyakazi ametia saini kwa hiari yake yanamfunga. Labda uthibitishe ulilazimishwa ama ulidanganywa, na hilo ni gumu kweli. Omba uende nayo nyumbani usome, hata usiku mmoja. Wakikataa hata usiku mmoja basi jiulize kwa nini.

Nyingine nazipita haraka. Ukiitwa kikao cha nidhamu nenda, hata kama unajua wameshaamua, nenda na mwenzako na useme lako liandikwe, maana nimesoma nyingi ambazo mtu alisusia na korti ikasema alipewa nafasi akaikataa. Ukiumia kazini usikimbilie korti, shemeji yangu alianguka kwenye mjengo Watamu akafungua kesi ikaondolewa, madai ya kuumia yanaanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini na Mahakama ya Juu iliukubali utaratibu huo mwaka 2019. Likizo, siku za Idi na Krismasi ulizofanya kazi, ovataimu, hizo usizitaje jumla jumla, korti inataka siku kwa siku, na yale yaliyokuwa yakijirudia kila mwezi muda wake ni mfupi zaidi, miezi 12 tu tangu yakome. Na fuatilia faili lako mwenyewe. Kuna mama wa Muyeye kesi yake ilifutwa kwa kutohudhuria, yeye anadhani wakili anashughulika, wakili anasema alimtafuta kwa simu hakumpata. Mama alikuwa amebadilisha namba.

Ofisi ya leba nayo iko, ni bure, na kama uko kwenye chama cha wafanyakazi kama KUDHEIHA, kile cha watu wa hoteli, wapitie pia. Afisa wa leba anaweza kuwaita mkae mumalize. Dai la kufutwa visivyo halali unalipeleka kwake ndani ya miezi mitatu, si miaka. Lakini nasisitiza, kama mimi nilivyokunywa chai na menija, kuongea ni kuongea na siku zinaendelea kwenda. Ongea huku kalenda iko ukutani imewekwa alama.

Sasa yule kijana. Alikuwa baa na sisi, baadaye akaenda hoteli nyingine Watamu, akafutwa kwa kusingiziwa pesa za kaunta, na yeye akashtakiwa, kesi bado inaendelea. Amenipigia usiku ananiuliza, kaka, mimi nangoja hii ya polisi iishe ndo nifungue ya kazi, au vipi? Nikakaa kitako kitandani. Nikamuuliza barua yako ni ya tarehe gani. Akasema ngoja, iko kwa mamangu. Nikamwambia mwamshe.

Alivyonisomea ile tarehe nilichukua kalenda nikahesabu kwa kidole, mke wangu ameshika tochi ya simu. Siku kumi na tisa.

Jumatatu tulikuwa kwa wakili kabla hajafungua ofisi. Jumatano faili limeingia. Hatujui itakwenda vipi, labda atashinda labda watamshinda, ushahidi wake nimeuona na una matundu. Lakini ataulizwa. Atasimama pale aeleze habari ya ile kaunta kwa kinywa chake. Amenitumia picha ya ukurasa wa kwanza wenye muhuri wa korti, na mimi naifungua kila mara naiangalia ile tarehe.